Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utalii na utamaduni Kisumu: Kusimulia jiji kwa miguu si kosa

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya utalii, utamaduni na usimamizi wa jiji,
Kisumu.

Waheshimiwa,

MINT: MATEMBEZI YA HISTORIA NA FASIHI KATIKATI YA JIJI

Poleni na majukumu. Barua hii ingewafikia ndani ya bahasha kama zilizoitangulia, lakini hizo zilipigwa mhuri wa kupokelewa na safari yao ikaishia hapo. Tulipofuatilia, tuliambiwa mkubwa yuko mkutanoni, turudi wiki ijayo. Tuliporudi, faili lilikuwa limehamishiwa ofisi ya pili, na ofisi ya pili ikatuuliza kwa nini hatukuanzia ya kwanza. Ndiyo maana leo nasema nanyi mbele ya watu. Sitaitaja ofisi kwa jina wala afisa yeyote, kwa kuwa ninacholalamikia hakitakwisha kwa mtu mmoja kupewa uhamisho.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fasihi. Nikishirikiana na vijana kadhaa waliomaliza vyuo na kukosa ajira, huwatembeza watu katikati ya Kisumu kwa miguu, tukiwasimulia historia ya jiji na maandishi yaliyotoka upande huu wa ziwa. Wageni wetu wengi si Wazungu. Ni wanafunzi kutoka Ahero na Vihiga, ni akina mama wa chama kutoka Kakamega, ni watu wa Nairobi waliokuja kwa treni tangu ile ya abiria irejee mwishoni mwa 2021. Ni wenyeji wa Milimani na Manyatta pia, watu ambao wamepita kando ya mnara wa saa tangu utotoni bila kuuliza uliwekwa na nani.

Kabla ya malalamiko, niruhusuni nieleze tunachofanya, maana nimeona baadhi yenu mnadhani tunauza shanga.

Tunaanzia karibu na stesheni. Reli ya Uganda ilifika ufuoni hapa Desemba 1901, mahali Waingereza walipopaita Port Florence. Siku hiyo hapa hapakuwa Kenya. Upande huu wote ulihesabiwa kuwa mkoa wa Mashariki wa himaya ya Uganda hadi 1902 mpaka uliposogezwa. Watoto wakisikia hivyo lazima mmoja aulize kama babu wa babu yake alikuwa Mganda, na hapo mwongozaji hodari hupata nusu saa ya somo bila kufungua kitabu. Tunawaeleza habari za vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kuijenga njia hiyo, na karibu 2,500 kati yao waliokufa wakiijenga. Upande wa bandari tunasimulia habari za William Mackinnon, meli iliyoundwa Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande kutoka pwani, sehemu ya safari ikiwa mizigo vichwani mwa wapagazi, kisha ikaunganishwa upya hapa na kushushwa majini 1900. Garimoshi lenyewe lilikuwa bado njiani. Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zikawa zinatua kwenye ghuba hii hii. Mtoto wa Nyalenda akijua hayo hatazami tena maji yale kama mahali pa gugu maji na omena pekee.

Kutoka hapo tunapanda barabara ya Oginga Odinga hadi mnara wa saa, tunapita Msikiti wa Jamia, tunaingia Kaloleni ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi, na tunamalizia kwa waandishi. Kituo kimoja cha ziada nitakieleza chini, kwa sababu ndicho kilichotufikisha kwenye barua hii.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Mnatudai kibali ambacho hakuna dirisha linalokitoa.

Vijana wetu husimamishwa na askari katikati ya maelezo. Mmoja alikamatwa mbele ya darasa zima la wanafunzi wa msingi, akapakiwa nyuma ya gari pamoja na wachuuzi wa soksi, na mwalimu wa zamu akabaki pale na watoto wasiojua kama wacheke au walie. Kosa lililoandikwa ni kufanya biashara bila leseni. Shule ile haijarudi, na siilaumu.

Basi tukaenda kuomba leseni. Kwenye orodha ya ada ipo kampuni ya utalii yenye magari, ipo hoteli, upo mkahawa, ipo boti ya kukodi. Mtu anayetembea na kusimulia hayupo. Karani, ambaye kwa kweli alikuwa muungwana, alitushauri tujiandikishe kama kampuni ya magari ya watalii kwa kuwa ndiyo iliyokaribiana nasi. Tukakubali. Fomu ikadai bima ya magari na cheti cha ukaguzi wa kila gari. Waheshimiwa, hatuna hata baiskeli.

Sheria ya Utalii ya 2011 inamtambua mwongozaji wa watalii kama mtu mwenye kazi yake, na wawili wetu wana kadi ya kitaifa. Wakiitoa barabarani huambiwa hiyo ni ya Nairobi, hapa ni Kisumu. Kwa hiyo tuko hivi: serikali moja imetupa kadi, nyingine inatukamata tukiwa nayo mfukoni. Na kila mkamatwaji hujua kwamba kuna njia fupi ya kuachiliwa kabla gari halijafika kituoni. Sisemi zaidi ya hapo. Mmezaliwa humu humu, mnajua.

Sikatai kulipa. Tunataka kulipa, tena tupewe risiti. Tunachokataa ni kutozwa kwa kiwango cha aliye na mabasi matatu, au kuadhibiwa kwa kukosa karatasi ambayo nyinyi wenyewe hamjaichapisha.

2. Mmetutaka tuufute mwaka 1969.

Hili ndilo zito, nami nitalichukulia muda.

Tuliomba barua ya kututambulisha kwa walimu wakuu. Tukajibiwa, kwa mdomo na si kwa maandishi, kwamba barua itatoka tukiondoa kituo kimoja kwenye orodha: hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo mji mzima unaiita Russia. Sababu tuliyopewa ni kwamba habari zile zinaharibu sura ya jiji na zinaweza kuchochea watu.

Wacha niandike hapa hapa tunachokisimulia, ili kila msomaji apime kama ni uchochezi. Hospitali ile ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovyeti, na Jaramogi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alikuwa na mkono katika kuuleta msaada huo. Kufikia 1969 alikuwa ameshajiuzulu na anaongoza chama cha upinzani cha KPU. Julai mwaka huo Tom Mboya, waziri Mjaluo, alikuwa ameuawa kwa risasi jijini Nairobi, na Nyanza ilikuwa bado katika msiba na hasira. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta akaja kuifungua hospitali. Maneno makali yakarushwa pande zote mbili, Rais na Jaramogi wakajibizana hadharani, ghasia zikazuka, na walinzi wa msafara wakaufyatulia umati risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Wao hutaja idadi kubwa zaidi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Basi. Hatuongezi chumvi. Hatuingii ndani ya hospitali wala hatuwasumbui wagonjwa. Tunasimama ng'ambo ya barabara, na kamera tunaomba zifungwe. Mara nyingine mzee mmoja aliyekuwa kijana siku ile huja kusimama nasi, akaeleza alikimbilia wapi na nani hakumwona tena. Huwaambia wanafunzi pia kwamba aliyemficha usiku ule hakuwa Mjaluo. Kama kuna dawa ya ukabila yenye nguvu kuliko hiyo, nionyesheni tuitumie.

Jambo lenyewe si siri ya mtu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge, ililiandika kwenye ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais Mei 2013. Sasa ripoti ya tume ya taifa inaweza kukaa rafuni, lakini kijana wa Manyatta akiisimulia barabarani anakuwa mchochezi?

Nimetembea na waongozaji wa miji mingine ya Waswahili. Zanzibar, pale Mkunazini, msafara huletwa makusudi mahali palipokuwa soko la watumwa, na hakuna afisa anayewaambia wapite haraka waende kwenye duka la viungo. Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, huelezwa kwamba Waingereza waliigeuza gereza tangu 1895 hadi 1958. Miji hiyo haikupoteza wageni kwa kusema kweli. Wageni wanapanga foleni. Kinachoharibu sura ya Kisumu ni mgeni kufika akiwa ameshasoma habari za 1969 kwenye simu yake, akauliza, na mwenyeji akakohoa na kuelekeza kidole ziwani.

Nami sitaki tuwe jiji la huzuni, msinielewe vibaya. Kituo kile huchukua robo saa katika matembezi ya saa tatu. Lakini tukikiondoa, yote mengine tunayosimulia yatanuka unafiki, na wanafunzi wana pua kali kuliko watu wazima.

3. Vitu tunavyovionyesha vinaharibika mbele ya macho yetu.

Mnara wa saa ulijengwa na wana wa Kassim Lakha, mfanyabiashara Mwismaili aliyefika Afrika Mashariki 1871, kwa kumbukumbu ya baba yao, na gavana wa kikoloni akauzindua Agosti 1938. Maandishi hayo yako kwenye mnara wenyewe kwa yeyote atakayefaulu kuyasoma kati ya mabango ya waganga, ya vyuo vya kompyuta na ya wagombea wa uchaguzi uliopita. Tuliomba ruhusa ya kuyabandua wenyewe, kwa maji na brashi. Tukaambiwa tusiguse mali ya umma! Wanaoyabandika hawakuambiwa hivyo.

Majumba ya zamani ya wafanyabiashara wa Kihindi, yale yenye baraza mbele na tarehe iliyochongwa juu ya dirisha, huanguka moja baada ya jingine na kuinuka maghorofa ya vioo. Siyapigi vita maghorofa. Mji lazima ukue. Naomba tu kabla ya tingatinga kuja mtu apige picha, achukue vipimo, aandike nani aliishi humo. Hata hilo halifanyiki.

4. Kijitabu chenu cha utalii kimewasahau waandishi.

Kijitabu mnachogawa kwa wageni kina karatasi nzuri na picha za kupendeza. Swala wa Impala Park wana ukurasa mzima, kiboko ana nusu ukurasa, na machweo ya jua nadhani yana manne. Grace Ogot hana mstari.

Huyu ni mzaliwa wa Nyanza ya Kati aliyefunzwa uuguzi, akahudumu hospitalini Maseno, kisha mwaka 1966 akachapisha riwaya ya wanandoa wa Kijaluo wanaohamia Tanganyika kutafuta ardhi. Tunasoma kurasa zake tukitazama ziwa, kwa sababu Tanganyika iko ng'ambo ya maji hayo hayo na msomaji huielewa hamu ya Ochola, yule mume wa riwayani, vizuri zaidi upepo ukimpiga usoni. Baadaye aliandika kwa Kijaluo pia, Miaha ikatoka 1983, wakati waandishi wenzake wengi walikuwa bado wanasita kuandika kwa lugha za mama zao. Aliaga dunia 2015.

Asenath Bole Odaga je? Yeye alifanya jambo ambalo hata miji mikubwa zaidi inalionea wivu: hakungoja wachapishaji wa Nairobi. Alianzisha Lake Publishers hapa hapa Kisumu, akachapisha hadithi za watoto na fasihi simulizi, kwa Kijaluo na kwa Kiingereza, akauza vitabu mwenyewe hadi alipofariki 2014. Nikiwaambia wanafunzi kwamba vitabu viliwahi kuzaliwa katika mji wao, hunitazama kana kwamba nimesema samaki hupandwa shambani. Na Margaret Ogola, daktari wa watoto, ambaye The River and the Source yake ilishinda tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa Afrika 1995 na kusomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima kama kitabu teule! Nimeifundisha mimi. Ninaijua ile hali ya mwanafunzi kutoka Kitui kuja Nyanza kwa mara ya kwanza na kuuliza kama Akoko, shujaa wa riwaya hiyo, alikuwa mtu wa kweli.

Muziki pia haumo. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliifanya benga iwe gazeti la watu upande huu wa mpaka hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu 2006. Luanda Magere wa Kano, shujaa aliyekuwa na mwili wa jiwe, hayumo, wakati kila mtoto wa hapa amesimuliwa habari zake na nyanya yake.

Watu wa Dublin kila tarehe 16 Juni huzunguka mji wao wakifuata nyayo za mhusika wa James Joyce, mtu ambaye hakuwahi kuishi nje ya karatasi, na mahoteli hujaa. Sisi tunao walioishi kweli.

Na kijitabu chenyewe ni cha Kiingereza kitupu. Mama wa chama kutoka Kakamega amelipa nauli yake sawa na mgeni wa Ulaya.

5. Njia za kutembea.

Hapa nitakuwa mfupi, na nianze kwa shukrani. Kabro iliyotandazwa jijini, hasa kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, imetufaa sana, na anayesema hakuna kilichofanyika ni mwongo. Ila sasa magari yanaegeshwa juu yake, pikipiki zinapita juu yake, na mwenye kiti cha magurudumu anarudi barabarani kupigana na matatu.

Tahadhari moja, tafadhali. Msiitumie barua hii kuwafukuza wachuuzi. Mama wa mahindi na fundi viatu si kizuizi cha matembezi yetu, ni sehemu yake. Vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilipobomolewa kule ufuoni, wageni wetu walipoteza mahali pa kukaa mwishoni wakala ngege na ugali wakibishana juu ya waliyoyasikia. Hakuna mkahawa wa kiyoyozi ulioweza kuziba pengo lile.

Najua mtakachojibu, maana vipande vyake tumeshavisikia.

Mtasema hakuna bajeti. Kuongeza mstari mmoja kwenye orodha ya leseni hakuhitaji bajeti. Kutawaletea mapato ambayo leo yanaishia mahali msipopajua. Kuhusu vibao vya maelezo, maandishi yapo tayari, tumeyaandika kwa Kiswahili, Kijaluo na Kiingereza, na tutawapa bure myahakiki kwanza.

Mtasema turathi ni kazi ya taifa. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili. Maktaba, makumbusho, shughuli za utamaduni na utalii wa ndani ya eneo vimewekwa chini ya kaunti. Ni kweli kwamba Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa turathi kupitia Gazeti Rasmi. Lakini Waziri hatajua kwamba mnara wetu upo iwapo wenye mji hawajamwandikia.

Mtasema usalama. Kundi la watu ishirini waliovaa fulana za rangi moja, mchana kweupe, wakiongozwa na mtu mwenye kadi shingoni, ni rahisi kulilinda kuliko gari lolote. Wekeni askari wale wale wanaotukamata watembee nasi. Huenda wakajifunza kitu.

Na wapo watakaosema wageni hawataki historia, wanataka ziwa, samaki na picha. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Lakini Makumbusho ya Kisumu yamekuwa wazi tangu 1980, na boma lake la Kijaluo la maonyesho, Ber-gi-dala, halikosi wanafunzi. Thimlich Ohinga kule Migori iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2018, mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na watu husafiri mbali kuyatazama. Wakishatoka kule hulala wapi? Hulala Kisumu, kisha asubuhi hukosa la kufanya.

Kwa hayo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, Mswada ujao wa Fedha uwe na kiwango chake cha ada kwa mwongozaji wa miguu, kinacholingana na kipato chake, na hadi hapo kadi ya kitaifa iheshimiwe na askari wapewe maagizo hayo kwa maandishi. Tutafika kwenye kikao cha kukusanya maoni ya umma, na safari hii tangazo lake litolewe mapema, lisibandikwe usiku wa kuamkia kikao.

Pili, sharti la kuondoa kituo cha hospitali lifutwe. Kama mnalishikilia, lileteni kwa barua yenye saini na kifungu cha sheria mnachokitegemea, tukakipime mahakamani. Amri ya mdomo hatutaifuata.

Tatu, mnara wa saa usafishwe, na iwepo orodha ya wazi ya majengo ya kihistoria katikati ya jiji, ili asiyejua asiseme hakujua. Mkituruhusu, kazi ya kuiandaa tutaifanya pamoja na walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu.

Nne, kijitabu kitakachofuata kiwe na ukurasa wa waandishi na wanamuziki, na kitoke kwa Kiswahili na Kijaluo pia. Swala wabaki na ukurasa wao. Hatuna ugomvi nao.

Pamoja na barua hii tumewasilisha ombi la taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, tukitaka kuona agizo ambalo vijana wetu wanakamatwa kwalo, na kiasi cha faini zilizokusanywa kutoka kwa waongozaji. Sheria hiyo inawapa siku 21 za kujibu. Jibu lije kwa maandishi, lisije kwa simu, na liletwe kwetu sote, si kwa mmoja wetu akiitwa faraghani.

Wenu katika kulijenga jiji,

Mwalimu mstaafu wa fasihi na mwongozaji wa matembezi,
kwa niaba ya waongozaji wa miguu, Kisumu.

Nakala: Wawakilishi wa wadi za katikati ya jiji, walimu wakuu wa shule tulizozitembeza, wasomaji wote.